Pua Mpya ya Gari Nyekundu ya Baba Masika

Vijana wangu mafundi mnaoshika kle, najua mnaniita Mama Filtre. Sikasiriki. Nimeitwa mabaya zaidi. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kugonga kwangu hapa Butembo, gari yake ameiacha barabarani inanguruma, aniombe nimfungie bomba la hewa kama lile la gari yangu nyekundu. Wengine wamekwisha kulinunua kule Kampala, liko ndani ya karton, wanalibeba kwa mikono miwili kama keki ya ndoa. Basi leo nimekaa hapa barzani nimeamua kuwaandikia yote mara moja, namna lilivyofungwa na sababu ya kufungwa kwake. Sehemu ya sababu ni ndefu kuliko ile ya namna. Mwenye haraka aende akanywe chai kwanza.

Mtu aliyenitia katika kazi hii ni marehemu Muzee Kasereka, mkubwa wa garaje moja ya misheni. Mimi nilikuwa msichana wa kuuza mandazi pale mlangoni. Siku moja buloni, bolti nene, ilimponyoka, ikaanguka nyuma ya moteri ya gari ya padri, na mkono wake ulikuwa mnene, haukupita. Akaniita kwa sababu ya mkono wangu mwembamba. Niliitoa ile buloni, halafu kabla ya kumpa nikamuuliza inashika nini. Alicheka mpaka akaketi chini. Kesho yake akamtuma mtu nyumbani kwetu kuniita.

Hakuanza kunifundisha na kle. Alifungua kapo, kile kifuniko cha mbele cha lori moja la zamani, akatoa filtre, chujio la hewa, akawasha moteri, akaushika mkono wangu akauweka mbele ya tundu linalovuta hewa. Nusura niurudishe. Lile tundu lilinyonya kiganja changu kama mtoto mwenye njaa.

“Unasikia?” akaniuliza. “Moteri iko inapumua. Ukiifunga pua, inakufa. Ukiiacha wazi tu, inakula mavumbi, inakufa vilevile. Kazi yako iko kuchunga hiyo pua.”

Mama yangu alilia. Alisema hakuna mwanaume atakayeoa mwanamke mwenye mafuta ya moteri chini ya kucha. Yule aliyenioa alikuja garaje kwa ajili ya lori lenye breki mbaya, akarudi kwa ajili ya breki zilizokuwa nzima kabisa, akarudi tena bila lori. Huyo ndiye Baba Masika. Kazi yake ilikuwa kununua maharagwe na viazi kule Kipese na kuvishusha mpaka Butembo juu ya malori ya kukodi. Alizeeka akiketi kando ya mashofere, kichwa karibu na moteri, hafungi jicho, maana alisema shofere anayechungwa hasinzii. Jioni tukiwa nyumbani, lori likishuka kilima, alikuwa anaacha kijiko na kusema hilo ni la nani, na gia gani inalia. Nami fundi nilikuwa namsikiliza.

Niwaambie mambo mawili ya pua kabla sijafika kwenye gari yetu, kwa sababu mtu asiyeheshimu filtre hana haja ya kuibadilisha.

Kuna wakati askari wa mbuga walituletea pikapu kutoka Mutwanga. Walisema haipandi tena milima, kwamba hata motari, mtu wa pikipiki, mwenye mzigo wa matoke anaipita. Shofere wao alikuwa amekwisha kubadilisha pompi ya mazuti, inayosukuma dizeli, na bado. Muzee Kasereka alitaka tufungue vyote. Mimi nilianza puani, kwa mazoea tu. Kumbe ndani ya bwati, kasha la filtre, panya alikuwa amejenga nyumba, na ameweka akiba ya maharagwe ya kumfikisha Pasaka. Ile moteri ilikuwa inavuta pumzi katikati ya maharagwe. Muzee Kasereka alimgeukia shofere, akamwambia kwa heshima yote kwamba ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni vitunguu na chumvi.

Mwingine alikuwa motari wa Bungulu, kule Beni. Alisikia watu wakisema kwamba filtre ya kitambaa inapakwa mafuta. Ni kweli, inapakwa, lakini ina mafuta yake, tena kidogo sana, rangi ionekane tu. Yeye aliichovya yake katika mawese ya jikoni kwa mke wake. Pikipiki ilifika kwetu ikitoa moshi wenye harufu ya mandazi, na mbwa wanaifuata. Ninyi mnaocheka, kumbukeni kwamba gari za siku hizi zina debimetre, kile kidude kidogo ndani ya bomba kinachopima hewa inayoingia. Ukizidisha mafuta kwenye filtre, yanakwenda kukaa juu ya kidude hicho, kinaanza kupima uongo, na gari inakunywa esansi, petroli yenu, bila adabu. Nimewasafishia wengi. Sitaki kuwasafishia tena.

Sasa gari nyekundu.

Nilipoacha kazi, magoti yangu yalikuwa yamekataa kuingia chini ya magari. Garaje walinifanyia sikukuu ndogo, tukala mbuzi, nikarudi nyumbani nikaanza kuchunga mboga zangu. Wakati huo huo kulikuwa na kapiteni mmoja wa jeshi, mtu wa jimbo la Équateur, aliyekuwa anahamishwa. Alikuwa na gari ndogo ya mbio, milango miwili, usukani upande wa kuume, iliyopita mpaka wa Kasindi pamoja na magari mengine ya zamani ya Japani. Nani angeinunua Butembo? Ilikuwa chini mno, tumbo lake likikaribia kulamba barabara. Kapiteni hakuweza kwenda nayo. Baba Masika akaichukua.

Siku aliyoileta, ilikwaruza tumbo pale mlangoni petu, na majirani wote wakatoka. Nami sikuweza kujizuia. Nilimwuliza mbele ya watu kama ile ni gari ama ni sahani, na kama tutaiendesha ama tutailia bugali. Watu walicheka sana. Kapiteni mwenyewe, aliyekuja kuaga, alicheka, halafu akaniomba kwa Kiswahili chake chenye Lingala ndani niitunze motuka yake kama mtoto. Baba Masika alitabasamu tu. Akasema ni yake, atatembea nayo, akatia ufunguo mfukoni.

Nyuma, ndani ya buti, tulikuta karton ambayo haijafunguliwa. Kapiteni alikuwa ameagiza bomba la hewa na filtre ya magari ya mbio, uhamisho ukamkuta kabla hajalifunga. Baba Masika aliligeuza-geuza mikononi kwa furaha. Nilimwambia kwamba maadamu mimi ni hai, hakuna mtu atakayeiweka filtre wazi, bila bwati yake, katika mavumbi ya mji huu. Karton ikarudi buti. Nilidhani neno limekwisha.

Halafu kukawa na asubuhi moja ya Jumapili. Nilikuwa barzani, nimevaa tayari kwa misa, nachagua maharagwe wakati namngoja Baba Masika. Yeye akaingia ndani ya gari, akawasha. Moteri ikashika vizuri, kimya kimya, kama paka. Halafu akazungusha ufunguo tena. Mnaijua ile sauti, demareri, ile inayowasha moteri, inaposaga meno juu ya moteri ambayo tayari inazunguka. Nilishtuka, nikamfokea toka pale nilipokaa. Mwanaume aliyelala kitanda kimoja na fundi maisha yote anafanya hivi? Hakugeuka. Akazungusha tena.

Nikaacha maharagwe nikamwendea. Nilipofika dirishani niliuona uso wake. Alikuwa ameinama karibu na usukani, kiganja chake kimelazwa juu ya dashibodi, anatafuta kwa mkono kama gari iko hai.

“Moteri iko inawaka,” nilimwambia.

Alitazama midomo yangu. “Tangu saa ngapi?” akauliza.

Nilizunguka nikaingia upande wa pili, nikaketi, tukakaa hivyo pamoja, gari inawaka, hatuendi popote. Na mambo mengi yakaanza kujipanga kichwani mwangu. Hakuwa anabaki tena na wanaume wenzake baada ya misa. Masika, binti yetu mkubwa aliyeolewa Bungulu, akipiga simu, yeye alikuwa anasema salamu tu na kunipa mimi. Kwenye mazungumzo alikuwa anaitika kwa kichwa, hata pale swali halikuwa la kuitika. Mimi nilifikiri ni uzee, kwamba amechoka na watu. Yule mtu aliyekuwa anatambua gia ya lori toka mezani alikuwa amebaki na kiganja.

Tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye upole, akamgeuzia uso alipokuwa anasema ili amfuate. Alieleza kwamba ile miaka ya malori imekula sauti nyembamba, na hazitarudi. Zile nene, za chini, bado zimebaki. Baba Masika aliuliza neno moja tu: kama anaweza kuendelea kuendesha. Daktari akasema macho yake ni mazuri, aendeshe, lakini asiende peke yake.

Njiani tukirudi, Fuso moja ilitupita, na alinigusa bega akaniambia kwamba ile ameisikia. Akasema malori anayasikia bado. Ni hii gari ndogo ndiyo haimwambii kitu. Akiwa ndani yake ni kama ameketi katika nyumba ya watu waliolala.

Siku hiyo nilikwenda mwenyewe buti nikatoa karton.

Sikilizeni sasa, hapa ndipo kuna kazi. Wauzaji wanawaambia bomba hili linaleta nguvu. Huku kwetu juu, hewa ni nyepesi. Nguvu mtakayoipata ni ndogo, mtaiona mdomoni mnapojisifu kuliko barabarani. Kitu ambacho linaleta kweli ni sauti. Bwati ambayo gari inatoka nayo kiwandani imetengenezwa kumeza sauti ya moteri. Ina vyumba ndani, pumzi inazunguka humo mpaka inanyamaza. Ukiitoa bwati ukaweka filtre wazi, unaisikia moteri inavuta hewa, sauti nene, ya kifuani. Wenzenu wanaitaka sauti hiyo ili wasichana wageuke. Mimi niliitaka kwa mtu mmoja.

Tulifanya kazi uani, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nilimweka Baba Masika kuwa msaidizi wangu. Kwa kuwa nikiinama chini ya kapo hawezi kuona midomo yangu, tulipatana: nikimgusa kifundo cha mkono, ashike, nikimpapasa, aachilie. Tangu tuoane hatukuwahi kugusana mikono namna ile mchana, na jirani mmoja aliyepita alijifanya hakutuona.

Waya wa batri nilitoa wa kwanza. Muutoe kila mara, hata kama mnaharakisha. Kisha nikachomoa fiche ya waya wa debimetre, nikalegeza kolie, zile pete zinazofunga bomba la kautchou, la mpira, nikainua bwati nzima. Mdomo wa moteri ukibaki wazi, zibeni palepale na kitambaa safi kikubwa ambacho hakiwezi kuingia chote. Ndani ya bwati ya kapiteni nilikuta majani makavu na nyuki mmoja aliyekufa. Nilimwonyesha Baba Masika, akasema huyo ni abiria aliyetoka Japani.

Juu ya karton kulikuwa na picha: bomba linashuka, filtre inakaa chini kabisa nyuma ya bampa, pale hewa ni baridi. Kwa nchi ya lami kavu ni sawa. Kwetu, chini kule ni makao ya maji. Na moteri ikivuta maji, mjue, maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inakuja juu inakuta kitu kisichokubali, na biela, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Nikalikata bomba kwa msumeno, nikaipandisha filtre juu, karibu na ukuta ule unaotenga moteri na watu. Mahali pale kuna joto, kwa hiyo nilikata tole, bati la pipa la zamani, nikaikunja ikawa kama kibanda cha filtre, na kingo zake nikazivisha mpira wa shambreeri, tyubu ya gurudumu la pikipiki, ili isikwaruze wala kulia. Nikaacha tundu kuelekea mbele, hewa mpya iingie. Tena kuwa karibu na ule ukuta kulikuwa na faida yangu nyingine, ambayo sikumwambia: sauti ingeingia ndani kwa watu.

Yakabaki mavumbi. Nilikwenda chumbani nikarudi na soksi yangu ndefu ya nailoni, ile ya sikukuu. Baba Masika aliniona ninaivisha filtre, akauliza kama sasa nitasimama na soksi ya mguu mmoja mbele ya Mungu. Nilimwambia Mungu ameona mengi. Soksi ile inazuia mavumbi makubwa, unaifua na sabuni kila Jumamosi, filtre yenyewe inaishi muda mrefu. Njia hiyo si ya kitabu chochote. Ni ya kwangu, ichukueni.

Tulirudisha waya, nikawasha. Gari ikashika, halafu sauti yake ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, kama mtu anayetetemeka na homa. Mnaofahamu mtasema mara moja: kuna hewa inaingia mahali pasipopimwa, baada ya debimetre. Nami nilifahamu. Lakini kupata tundu lenyewe ni kazi nyingine. Nilitega sikio huku na huku. Sasa, filtre ikiwa wazi, kila mahali panafoka, sikio langu lilikuwa linajaa sauti, sikuweza kutenga hii na ile. Nilikaza kolie zote, na bado.

Baba Masika alinisogeza kidogo na kiwiko. Akanawa mikono kwenye beseni, hakuifuta, akaanza kupitisha vidole vyenye maji taratibu kufuata bomba, amefumba macho. Pale bomba linapoingia katika kautchou, upande wa chini ambao mimi sikuuona, akasimama. Akauchukua mkono wangu akauweka pale. Baridi nyembamba ilinivuta kidole. Kolie ilikuwa imekaa juu ya mshono wa kautchou, haifungi sawasawa. Niliigeuza, nikaikaza, na ile moteri ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.

Nikamwambia aingie aikanyage. Mimi nilibaki mbele, kapo wazi. Alikanyaga kidogo, akaachilia. Akakanyaga zaidi, na ile filtre ikavuta pumzi kubwa, ikanguruma chini, nene, nikaisikia katika meno yangu. Nilimtazama kupitia kioo. Mikono yake iliondoka kwenye usukani. Aliiweka mapajani kama mtu aliye kanisani. Akakanyaga tena, akaachilia, akakanyaga.

“Naisikia,” akasema. “Mama Masika, naisikia mpaka ndani.”

Nilifunga kapo nikaenda kuosha vyombo vya kazi nyuma ya nyumba, na niliviosha muda mrefu kuliko vilivyokuwa vinahitaji.

Haukupita muda, Masika akatuita kwa ubatizo wa mtoto wake wa tatu. Baba Masika hakuwa amefika Beni tangu masikio yalipoanza kumwacha. Kila mara alikuwa na sababu. Safari hii alisema tutakwenda na gari. Tulingoja habari za njia kama kila mtu anavyongoja, na motari waliporudi wakasema inapitika, tukaondoka asubuhi, yeye kwenye usukani na mimi kando. Alikuwa anabadilisha gia kwa kusikia, kama zamani. Kila tukimaliza kushuka, alinitazama ili ahakikishe na mimi nimesikia.

Kabla ya Beni mvua ilitukuta. Mahali pamoja maji yalikuwa yamefunika barabara, rangi ya chai ya maziwa. Taksi moja mbele yetu haikungoja; iliingia kwa nguvu, ikarusha maji mpaka juu ya kapo, katikati ikakohoa, ikazima. Shofere akajaribu kuwasha. Nilishuka mbio nikampigia kelele aache, asiwashe tena, maana moteri imekunywa. Aliacha. Baba Masika alikuwa amevua viatu, anatembea ndani ya maji na fimbo, anapima. Yalimfika katikati ya muundi.

Aliporudi nilimshika uso nikamgeuzia kwangu, nikamwambia aingie polepole, gia ya kwanza, mguu usitoke, sauti iwe ileile moja mpaka ng'ambo. Hapa kulikuwa na neno zito, vijana, msilidharau. Moteri ikifia pale, hatukuwa na njia nyingine ya kufika ubatizo, wala ya kuiondoa ile gari katika maji yale kabla hayajapanda. Na mtu aliyetoka tu kupata tena ujasiri wake angerudi nyumbani bila huo. Aliingia. Maji yalipiga mlango. Niliweka macho kwenye kapo, yeye aliinamisha kichwa kidogo upande wa moteri, uso umetulia, anasikiliza. Sauti haikuvunjika. Tulipopanda ng'ambo alikanyaga mara moja, bila haja yoyote, ili kuisikia inanguruma. Halafu tukarudi kwa miguu kusukuma taksi. Nilifika kwenye ubatizo nguo yangu ina matope mpaka magotini.

Baada ya kula, Masika na mimi tulikuwa jikoni tunapanga sahani. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari ya kawaida:

“Mama, juu ya nini Baba njo aliendesha? Gari si iko yako?”

Nilimwambia amekosea, gari ni ya baba yake, mji mzima unajua. Masika akaweka sahani chini. Akanieleza kwamba kabla sijaacha kazi, baba yake alimpigia simu, wakati ule alikuwa anasikia simu bado, kumwomba shauri. Alitaka kunipa kitu. Alisema mama yako ametengeneza magari ya watu maisha yake yote, na kila moja ameliendesha mpaka mzunguko wa rond-point na kurudi, kulijaribu tu, halafu anampa mwenyewe ufunguo. Alitaka nipate moja ambayo haibebi maharagwe wala mapadri, ya kwenda tu. Kapiteni alipohamishwa, akampigia tena Masika kwa furaha: ameipata, nyekundu. Masika alikuwa anafikiri tangu siku ile naitembeza.

Nilitoka jikoni. Baba Masika alikuwa ameketi sebuleni na mtoto aliyebatizwa kifuani, hakuwa amesikia lolote. Nilipiga magoti mbele yake ili anione vizuri.

“Juu ya nini haukuniambia iko yangu?”

Alimtazama Masika mlangoni, akaelewa.

“Ulisema iko sahani,” akajibu. “Batu bote balicheka. Nikasema, wacha niichunge kwanza, mpaka utaipenda.”

Yeye alimhamisha mtoto mkono mwingine, akatafuta mfukoni, akanitilia ufunguo kiganjani, akanikunjia vidole juu yake kama mtu anayefunga kolie.

Kurudi niliendesha mimi. Nilisogeza kiti mbele, nikarekebisha vioo, na Masika na watoto wakasimama barabarani kututazama mpaka tukapinda. Mvua ilikuwa imepita, maji yameshuka, taksi imekwisha kuvutwa. Mtu niliyemjua maisha yote kuwa hafungi jicho ndani ya gari, anayechunga kila shofere, alikaa kando yangu anatazama njia. Kisha kichwa chake kikaegemea mlango. Nilidhani anasikiliza. Nilipomtazama tena, alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono mapajani.

Mpando wa mwisho kabla ya Butembo njia ilikuwa wazi kabisa. Gia ya tatu, moteri yenye moto, gari yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kila kitu katika mguu wangu kilitaka kukanyaga na kuisikia ile pumzi kubwa. Lakini sauti ile yeye alikuwa anaisikia, na ingemwamsha. Nikaondoa mguu. Nikapanda kile kilima taratibu, motari na mizigo yao ya matoke wananipita kushoto na kuume, wengine wanageuka kucheka gari ya mbio inayotembea kama kobe, nami nikawaacha wapite wote.